Asilimia 31 si Alama za Mtihani: Teknolojia ya Vyuoni Inavyofanya Kazi

Mzee mmoja wa Makorora aliegesha baiskeli yake mbele ya stationari yangu hapa Ngamiani, Tanga, Ijumaa mchana watu wakitoka msikitini, akanipa simu. "Mwanangu, nitolee hii. Kwa rangi." Ilikuwa PDF aliyotumiwa na mwanawe anayesoma chuo kikuu nje ya mkoa. Kijana aliituma kama ushahidi kwamba bando alilonunuliwa mwezi uliopita halikuishia kwenye mpira. Karatasi ya kwanza ikatoka: maandishi ya Kiingereza yaliyopakwa rangi hapa na pale, na pembeni namba kubwa, 31%, ndani ya kisanduku cha njano. Mzee akavaa miwani, akaikodolea macho.

"Thelathini na moja kwa mia," akasema. "Na kadi ya njano juu yake. Huyu kafeli, na bando langu limefeli naye."

Hakuwa amefeli. Ile namba haikuwa alama kabisa, na nitaieleza mbele kidogo. Kilichonishughulisha siku ile ni maswali yaliyofuata, maana mzee alivuta kiti akaanza kumimina. Mtoto anasoma chuo au anasoma simu? Mbona analipa ada ya chuo halafu anatumiwa video? Na huyo jirani anayesoma digrii bila kuondoka Tanga, je, cheti chake ni cha kweli? Maswali haya nayasikia kila wiki, kwa wazazi, kwa wanafunzi wenyewe, na hata kwa walimu wanaokuja kuchapa mitihani. Kabla ya kufungua stationari nilisahihisha kazi za wanafunzi kwa miaka kadhaa nikiwa msaidizi wa mhadhiri, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Tatizo kubwa ninaloliona ni kwamba vitu vinne tofauti vimetiwa kapu moja na kuitwa "mtandaoni".

Tuvitoe kapuni.

Masafa, mseto, na darasa lenye projekta

Elimu masafa ni pale mwalimu na mwanafunzi hawakai sehemu moja kwa muda mwingi wa masomo. Basi. Haihitaji kompyuta wala intaneti. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, wakati kwetu redio yenyewe ilikuwa kitu cha tajiri. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kupitia chuo hicho mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Hao walisoma kwa vitabu vya kozi na vituo vya mikoani, Tanga ikiwemo, miaka mingi kabla simu janja haijaonekana sokoni. Kwa hiyo anayesoma bila kuondoka Tanga hajabuni jambo. Mtihani wake anaufanya chini ya usimamizi, na chuo chake kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu sawa na vingine. Cheti cha kweli na cha uongo vinatenganishwa na kutambuliwa kwa chuo. Umbali hauna kesi hapo.

Mseto ni kuchanganya: sehemu ya somo ukumbini, sehemu kwenye mfumo wa chuo. Kijana wa mzee wangu anasoma hivi, kama wanafunzi wengi wa vyuo vikuu leo, ingawa hakuna anayewaambia wazazi wao. Anakaa hosteli, anaingia darasani, lakini maswali ya majaribio, noti na kazi za nyumbani viko kwenye mfumo.

La tatu ni darasa la kawaida lililowekewa projekta. Mhadhiri anasoma slaidi badala ya kusoma daftari. Hili huitwa teknolojia kwenye ripoti, nami sina ugomvi nalo, ila tusilihesabu kama mageuzi.

Kuna na jambo la nne ambalo lilitutia wengi kasumba. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Kwa miezi ile, hapa na duniani, walimu waliokuwa hawajawahi kurekodi hata sauti zao waliambiwa wafundishe kwa simu. Ule ulikuwa ufundishaji wa dharura. Nyumba ikiungua mnalala kwa jirani, sebuleni, kwenye mkeka. Hutoki hapo ukaandika kwamba mikeka haifai kulalia. Lakini watu wengi wanaosema kusoma kwa mtandao hakufai wanakumbuka ule mkeka.

Mfumo gani umegoma?

Nikiambiwa na mwanafunzi "mfumo umegoma", swali langu la kwanza ni: upi? Maana vyuoni kuna mifumo miwili iliyo rasmi na mmoja usio rasmi, na kila mmoja una mwenyewe.

Wa kwanza ni wa taarifa za wanafunzi: usajili, ada, matokeo. Huu ni masijala. Haufundishi kitu. Ukikosea huko, unamtafuta ofisa wa usajili au wa fedha.

Wa pili ni wa ujifunzaji, na hapa vyuo vingi vinatumia Moodle. Ni programu iliyotengenezwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2002, na inatolewa bure: chuo kinaishusha, kinaiweka kwenye seva yake, kinaipa rangi na nembo yake. Ndiyo maana vyuo viwili vinaweza kuwa na mfumo uleule kwa majina tofauti. Huko ndiko kuna noti, maswali, jukwaa la mjadala, na kisanduku cha kuwasilishia kazi ambacho hujifunga chenyewe muda ukifika. Matatizo ya huko ni ya mhadhiri wa kozi au fundi wa chuo.

Wa tatu, usio rasmi, ni grupu la WhatsApp la darasa. Hapa ndipo chuo chenyewe kinapoishi, tuseme kweli. Matangazo yanafika huko kwanza, madesa yanagawiwa huko, na CR, mwakilishi wa darasa, ndiye waziri. Lakini grupu ni kibaraza. Ukimpa mtu deni kibarazani mbele ya watu, utapata mashahidi, lakini hati huna.

Binti mmoja alikuja kwangu akilia. Alikuwa ametuma kazi yake kwenye grupu saa 5:50 usiku, dakika kumi kabla ya muda kuisha, kwa sababu mfumo wa chuo chake ulikuwa unazunguka tu. CR akaweka dole gumba. Wiki mbili baadaye akakuta sifuri. Mhadhiri hakuwa na roho mbaya. Kwenye mfumo hapakuwa na kitu, na yeye husahihisha kilichoko kwenye mfumo. Nilimwonyesha jambo dogo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha: ukiona mfumo umekwama, piga picha ya skrini yenye saa, itume kwa barua pepe ya chuo kwa mhadhiri pamoja na kazi yenyewe, kabla ya muda kuisha. Hiyo ndiyo hati. Alikuwa mwaka wa tatu. Watu wanasema vijana wamezaliwa na simu mkononi, wanajua wenyewe. Wanajua kuhariri video ikapendeza, lakini faili lao la utafiti linaitwa "mwisho mwisho kabisa 3", na liko kwenye flashi moja tu ambayo imeshashika virusi vya kompyuta za mji mzima.

Wakati mwingine, kweli, mgomo hauko chuoni. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora nchi nzima kwa sababu nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Wengi hatukuwa tunajua kwamba ujumbe kutoka Ngamiani kwenda kwa mtu wa mtaa wa pili unaweza kupita Ulaya kwanza, kama kampuni inayotunza ujumbe huo ina seva zake huko. Seva si kitu cha ajabu: ni kompyuta isiyozimwa, inayokaa mahali ikisubiri kuulizwa. Chuo chenye seva yake hapa nchini kina nafasi nzuri zaidi ya kuwafikia wanafunzi wake siku waya wa baharini ukikatika.

Ubao na mwalimu

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa kupitia neno moja. Kwa wazee wa Tanga, "chuoni" bado ni madrasa. Mtu aliyekwambia "watoto wako chuoni" hakumaanisha chuo kikuu. Na katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu. Ndiyo maana msomi wa dini ni mwanachuoni. Hata kuhitimu, neno tunalolivalia majoho, limetokana na kukhitimu Qur'ani.

Chuoni kulikuwa na teknolojia yake: ubao. Mtoto aliandikiwa aya kwa wino, akakaa nao, akausoma kwa sauti mpaka ukaingia. Kisha akauchukua kwa mwalimu akasoma mbele yake. Akikwama, mwalimu anamrudisha palepale alipokwama. Akipita, ubao unaoshwa, anaandikiwa aya nyingine. Ukimwuliza mzee yeyote aliyepitia pale ni nini kilimfundisha, hatakwambia ubao. Atakwambia ni ile kwenda kusoma mbele ya mwalimu, na hofu ya kukwama.

Ukiiangalia hivyo, karibu kila ubishi kuhusu teknolojia vyuoni unakuwa mwepesi. Simu ni ubao. Video ni ubao. Moodle ni ubao mzuri, usioisha wino. Swali la kuuliza ni nani anamsikiliza mwanafunzi akisoma, na anamrudisha vipi akikwama. Kama hakuna, hata ukumbi wa viti mia nane wenye mhadhiri hai kabisa jukwaani una tatizo lilelile la video. Mwanafunzi wa safu ya nyuma kwenye ukumbi ule yuko masafani zaidi kuliko anayesoma kwa posta akarudishiwa kazi yake imejaa wino mwekundu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja liliisoma habari mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka takriban asilimia 40, na wale waliojijaribu asilimia 61. Tena waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Hapo ndipo video inapotudanganya. Unaitazama, mwalimu anaeleza vizuri, unatikisa kichwa, unasema nimeelewa. Ulichoelewa ni kwamba yeye anaelewa. Usiku wa kuamkia mtihani unafungua daftari na hakuna kitu ndani yako.

Teknolojia inayofaa, basi, mara nyingi haina urembo. Maswali matano ya kuchagua jibu kila Jumatatu kwenye Moodle, yanayojisahihisha yenyewe na kumwambia mwanafunzi palepale alipokosea na kwa nini, yana thamani kuliko rekodi ya saa mbili. Mhadhiri mwenye wanafunzi 400 hawezi kuwasikiliza wote mmoja mmoja kila wiki, na mashine hapo inamsaidia kazi halisi: inasikiliza yale mepesi, naye anabaki na nguvu za kusikiliza yale magumu. Lakini mtu lazima ayaandike hayo maswali, na kuandika swali zuri lenye majibu ya uongo yanayoshawishi ni kazi ya jasho. Ndiyo maana nacheka nikisikia teknolojia itapunguza kazi ya walimu. Mwaka wa kwanza inaiongeza mara mbili.

Bando linaliwa na nini

Mzee alitaka kujua hili kuliko yote, na hesabu yake si ngumu.

Video ya saa moja yenye ubora wa kati hula karibu nusu GB. Ikiwa safi sana huvuka GB moja. Mwanafunzi mwenye kozi tano, kila moja na saa mbili za video kwa wiki, anahitaji GB 5 kwa wiki, kama 20 kwa mwezi. Sauti peke yake, iliyorekodiwa kwa ubora wa kawaida wa mazungumzo, hula kama MB 29 kwa saa. Saa zilezile kumi za wiki zinakuwa chini ya MB 300. Noti zilizochapwa ni MB moja au mbili kwa mada nzima.

Yaani mhadhiri akiamua kutoa sauti pamoja na slaidi badala ya video, gharama ya mwanafunzi inashuka zaidi ya mara kumi na tano, na kwa masomo mengi hakuna kinachopotea. Uso wa mhadhiri, kwa heshima zote, si sehemu ya mtaala. Isipokuwa pale unapotakiwa kuona mkono unafanya nini: hesabu ubaoni, maabara, upasuaji.

Halafu kuna wale wanaopiga picha kurasa za kitabu kwa simu, moja moja, wanaziunganisha PDF. Kurasa 20, MB 40. Wananiletea hao, nazipunguza hadi MB 3 kwa dakika mbili. Nikipewa nafasi ya kusema neno moja kwenye mkutano wa wahadhiri nitasema hilo na kukaa chini.

Kwa mzazi: bando si anasa tena, limeingia kwenye orodha moja na nauli na chakula. Lakini mwulize mwanao anashusha mafaili wapi. Vyuo vingi vina waifai, hata kama ni ya maktaba tu na inalegea mchana. Anayeshusha saa 11 alfajiri akasoma baadaye bila intaneti, bando lake hukaa.

Ile thelathini na moja

Karatasi ya mzee ilitoka kwenye Turnitin, programu ambayo kazi yake ni moja: inachukua maandishi ya mwanafunzi, inayalinganisha na kurasa za mtandao, majarida na kazi za wanafunzi wengine ilizohifadhi, kisha inasema ni kiasi gani cha maneno kinafanana na kilichopo tayari. Rangi ya kisanduku ni ngazi ya kiasi hicho: kijani hadi 24, njano 25 hadi 49, chungwa hadi 74, nyekundu juu ya hapo. Ni kama mizani ya Muheza sokoni inayokwambia tenga la machungwa lina kilo ngapi. Kama machungwa ni ya wizi, mizani haijui.

Nikafungua kurasa na mzee. Kazi ilihusu mkonge wa Tanga. Sentensi ya kwanza iliyopakwa rangi ilisema kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, na miche 62 ndiyo iliyosalimika safarini. Kila aliyeandika habari za mkonge ameandika hivyo, kwa hiyo mashine imeshika. Iliyofuata ni nukuu, imewekwa ndani ya alama za kunukuu na mwenyewe ametajwa. Mashine imeshika. Na kurasa mbili za mwisho, orodha ya vitabu, zote zimepakwa kama khanga. Bila shaka: jina la kitabu haliandikwi kwa maneno yako mwenyewe. Mhadhiri anaweza kuiambia programu iache nukuu na orodha ya vitabu. Huyu hakufanya hivyo. Ukizitoa, ilibaki labda kumi.

Kwa hiyo 31 inaweza kuwa kazi safi, na 8 inaweza kuwa wizi mtupu, kama hiyo nane ndiyo aya yenye hoja nzima. Chuo kinachotangaza "zaidi ya asilimia kadhaa ni kosa" bila mtu kufungua kurasa, kimeiachia mizani kiti cha hakimu.

Na kuna mdogo wake mizani hiyo, mwenye hatari zaidi: programu zinazodai kutambua kama maandishi yametoka kwa akili mnemba. ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022, na ndani ya miezi kila mtu alitaka kifaa cha kuinasa. Kampuni yenyewe iliyoitengeneza, OpenAI, ilitoa kifaa chake Januari 2023. Kwa maneno yao wenyewe, kiliyatambua maandishi ya mashine kwa asilimia 26 tu, na kilimsingizia binadamu mara 9 kati ya 100. Julai mwaka huohuo wakakiondoa. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivipa vifaa saba vya namna hii insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, vilisema zaidi ya nusu zimeandikwa na mashine.

Soma tena hiyo ukiwa Tanga. Sababu yake si fumbo. Vifaa hivi hutazama kama maneno yanatabirika. Aliyejifunza Kiingereza darasani huandika kwa maneno machache anayoyamudu, sentensi zilizonyooka, bila mbwembwe. Kwa mashine, unyofu huo ni ushahidi. Mwanafunzi wa kwetu anayeandika kwa uangalifu ndiye atakayeshikwa kwanza.

Sisemi kwamba hawatumii. Wanatumia, na wengine wanakuja kuchapa bila hata kusoma. Nimewahi kukuta mstari unaosema "kama modeli ya lugha, siwezi", yaani mashine ikijitaja yenyewe, katikati ya utafiti. Lakini kifaa cha kunasa si dawa. Akili mnemba hupanga maneno yanayofuatana vizuri, na inaweza kukupa kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, pamoja na mwandishi, mwaka na ukurasa. Njia ya kujua kama mwanafunzi anakijua alichoandika ni ya zamani kuliko umeme: mwite, mwambie akisome na kukieleza.

Ngoma haichezwi kwa Zoom

Nilikuwa Bagamoyo mwaka jana, nikapita Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo ilianza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa. Unapita nje na kusikia ngoma. Nikajiuliza hili somo utalitia wapi kwenye Moodle.

Historia ya ngoma, utaitia. Nadharia ya muziki, utaitia. Rekodi ya fundi akipiga, mwanafunzi airudie mara hamsini taratibu, hiyo ni bora kuliko darasani, kwa sababu fundi hai hachezi taratibu mara hamsini. Lakini kupiga pamoja, hapana. Sauti ikienda kwa mtandao na kurudi huchelewa, mara nyingi sehemu ya tano au robo ya sekunde. Kwenye mazungumzo huoni kitu. Kwenye ngoma, robo sekunde ni mtu mwingine anapiga ngoma nyingine. Hakuna bando litakaloiondoa kabisa. Umbali wenyewe hula muda.

Pale Mbegani, wanakofundisha uvuvi, ni vilevile. Sheria za uvuvi na kusoma ramani ya bahari vinaingia kwenye simu. Kushona wavu uliochanika chombo kinapoyumba hakuingii. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama elimu ya juu inaweza kufundishwa kwa mtandao, mwulize elimu ipi, na sehemu gani ya hiyo elimu.

Mzee akapiga simu

Karatasi zilikuwa kumi na nne. Nilipomaliza kueleza, mzee alizikunja akazitia mfukoni, kisha akazitoa tena. Akampigia kijana, simu ikiwa kwenye spika, juu ya kaunta.

"Nimeona karatasi zako. Sasa mimi Kingereza hicho sikijui. Nielezee kwa Kiswahili ulichoandika huko."

Kijana akacheka kidogo, akaanza. Alianza na Hindorf, akaenda kwenye mashamba, reli, bei kuanguka. Alikuwa anakijua, nilisikia. Alikuwa anatafuta maneno lakini hakuwa anasoma. Akafika kiwandani. Majani yakishapita kwenye korona, ile mashine ya kukwangua mkonge, akasema, singa, yaani nyuzi zake, zinapelekwa brashi, halafu ndiyo zinaanikwa.

"Rudi hapo," mzee akasema.

"Wapi, baba?"

"Hapo kwenye brashi. Zikitoka korona zina maji, utazipigaje brashi? Kwanza waanika. Jua likishazikausha ndiyo brashi, kisha marobota. Mimi nimeanika miaka kumi na moja."

Nilichukua karatasi nikaitafuta ile sentensi. Ilikuwa ukurasa wa tano, nyeupe kabisa, haina rangi hata moja.